Waksi au Sukari: Niliyojifunza Katika Kuwatengeneza Maharusi Unguja

Mashine yangu ya kuyeyushia waksi ilikuwa haijatimiza miezi miwili ndani ya nyumba pale umeme wa Unguja ulipokatika, Disemba 2009, kwa hitilafu ya waya unaopita chini ya bahari kutoka bara, na haukurudi mpaka Machi 2010. Wakati huo nilikuwa na chumba kimoja nyumbani kwetu Kikwajuni nilichokitenga kwa kazi ya kuwatengeneza maharusi: kuwatoa malaika, yaani vinyweleo, ya mwilini, kuwasinga na kuwapaka hina. Nilikuwa nimekwisha kuwaahidi maharusi watatu kabla ya mwezi kwisha, na waksi iliyomo ndani ya ile mashine imeganda kama mche wa sabuni. Nilijaribu kuitia kwenye kopo na kuliweka kopo ndani ya maji ya moto juu ya jiko la makaa, ikayeyuka pembeni na kubaki ngumu katikati. Nilipochochea moto iliyeyuka yote, lakini ikawa na joto kupita kiasi bila ya mimi kutambua, kwa sababu waksi haichemki wala haitoi mvuke mbele ya macho ya mtu kama yafanyavyo maji. Nilijijaribia mwenyewe kwanza, juu kidogo ya kiwiko cha mkono, na alama ya kuungua nilikaa nayo mpaka masika yakapita.

Shangazi yangu, ambaye aliishi Maskati, Omani, miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, alikuja kunitazama akanikuta nimekaa na mkono wangu ndani ya bakuli la maji. Alipokwisha kunipa pole aliniuliza, "Mwanangu, sukari unayo, ndimu unazo, moto unao. Huo umeme unautakia nini?" Jioni ile ile alinifundisha kupika kile ambacho wanawake wa Maskati wanakiita halawa, na ambacho wateja wangu wamezoea kukiita sukari tu, ili kisichanganywe na halua yetu ya kula. Nilikuwa nimeisikia habari yake tangu utotoni na nikiidharau, nikidhani ni jambo la wakati wa kina bibi, wakati ambapo vitu vya madukani havijafika. Miezi ile mitatu ya kiza ilinibadilisha fikra, na nataka kueleza kwa nini, kwa kuwa hadi leo wasichana wananijia wakiwa wamekwisha kuchagua njia kabla hawajaitazama ngozi watakayoifanyia kazi.

Vipimo alivyonipa ni vikombe viwili vya sukari nyeupe, robo kikombe ya maji, na robo kikombe ya maji ya ndimu yaliyochujwa vizuri. Ndimu haitiwi kwa ajili ya harufu. Ukali wake huivunja sukari ya kawaida katika sukari mbili, glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo ndio unaozuia isigande tena kuwa chembechembe. Ukiipunguza ndimu, asubuhi utakuta umepata kitu kama guru lililovunjika. Moto uwe wa makaa machache, na mwiko usiachwe. Kwanza hutoka povu jeupe kubwa, kisha povu linakuwa dogo na zito, rangi ikageuka ya asali mbichi, na baadaye ya kaharabu. Hapo ndipo pa kuwa na macho, kwa sababu kutoka kwenye kaharabu hadi kwenye kuungua ni dakika chache sana. Mwenye kipimajoto ataona kimefika nyuzi 115 hadi 120. Shangazi hakuwa nacho, alikuwa na bakuli la maji baridi. Alidondosha tone moja, akalichukua kwa vidole viwili, akalibonyeza. Likitawanyika ndani ya maji, bado. Likikatika kama kioo, limepita. Likikaa kitonge, likakubali kubonyezwa na kurudi taratibu, sufuria inaepuliwa mara moja. Naomba anayesoma asilichukulie hili kwa wepesi: sukari ya moto hunata mwilini na inaunguza vibaya kuliko maji yaliyochemka, kwa hiyo watoto wasikaribie jiko, na hakuna kugusa mpaka ipoe kiasi cha kuvumilika na kidole.

Ikishapoa hukandwa. Unachukua kitonge kama limau dogo, unakivuta na kukikunja, unakivuta na kukikunja, na pole pole ile rangi ya kaharabu inayoonyesha hadi ndani hufifia ikawa ya dhahabu yenye mng'aro wa hariri. Kitonge hicho hutandazwa kwa vidole kinyume na uelekeo wa malaika, kikabanwa kipenye hadi kwenye mashina, kisha huvutwa kwa haraka kuelekea kule kule yanakoelekea. Nilipofanyiwa kwa mara ya kwanza nilishangaa kwamba palipobaki unato palisafishika kwa kitambaa chenye maji tu. Waksi haikubali maji. Lazima itolewe kwa mafuta, na mafuta nayo yanahitaji sabuni, na sabuni inahitaji maji mengi. Katika miezi ile pampu zilikuwa zimesimama kwa kukosa umeme na tukibeba maji kwa madumu, kwa hiyo jambo hilo halikuwa dogo.

Hata hivyo sukari ina tabia zake, na tabia hizo zinafuata majira yetu. Wakati wa kaskazi, chumba kikiwa na joto na mkono ukitoa jasho, kitonge huyeyuka mkononi kabla hakijafanya kazi, na anayekifahamu kidogo tu atadhani amekosea kupika. Masika ni shida zaidi, kwani hewa yenyewe ina maji na sukari huyanywa. Nimezoea kupika sukari ya namna mbili kwa mwaka: ya kaskazi na masika naiacha motoni kidogo zaidi ili iwe ngumu, na ya kipupwe naiepua mapema. Kazi ya kaskazi huifanya baada ya sala ya alfajiri, dirisha likiwa wazi, na ngozi huipaka poda kavu kidogo ili isiwe na unyevu wala mafuta. Aliyejipaka mafuta ya nazi kabla ya kuja namrudisha akaoge, kwa sababu sukari haitashika kitu.

Umeme uliporudi sikuitupa mashine. Ningesema uongo nikidai kwamba sukari imeishinda waksi kila mahali. Waksi laini, ile inayopakwa kwa wembamba kufuata uelekeo wa malaika, ikafunikwa kipande cha bafta na kuvutwa kinyume chake, inamaliza miguu miwili kwa muda ambao sukari bado iko kwenye mguu wa kwanza. Kwa mtu mwenye ngozi nzima, yenye afya, na mwenye haraka, mimi mwenyewe namshauri hiyo. Lakini waksi nyingi zimechanganywa na ulimbo wa msonobari, na ulimbo huo hushika ngozi kama unavyoshika nywele. Wapo pia watu ambao miili yao inaukataa kabisa, wakatokwa na vipele vinavyowasha siku ya pili. Kwa hiyo kila anayekuja kwa mara ya kwanza namjaribia mahali padogo, upande wa ndani wa mkono, na tunasubiri siku moja.

Waksi ngumu ni kitu kingine. Hii hupakwa nene, huachwa ipoe na kukaza, kisha hunyanyuliwa ncha na kuvutwa yenyewe bila ya kitambaa. Kwa kuwa inapokaza huzibana nywele zaidi kuliko ngozi, inafaa mahali penye ngozi laini na nywele nene, hasa kwapani. Kwapa ina shida yake: nywele zake haziendi upande mmoja. Mwambie mtu ainue mkono utazame kwenye mwanga, utaona za juu zinapanda na za chini zinateremka, na pengine katikati zimezunguka kama kisogo cha mtoto. Anayepaka kwapa nzima mara moja na kuvuta mara moja atazikata nywele nusu na kumuumiza mtu bure. Mimi huigawa sehemu mbili au tatu, kila moja na uelekeo wake. Na tukitaja kwapa, sisi tuliosoma chuoni, yaani madrasa, tunajua kwamba kunyonyoa kwapa ni katika mambo ya fitra, usafi wa maumbile, na kwamba nywele hizo na za sehemu za siri zisiachwe kupita siku 40. Sehemu za siri simfanyii mtu, kwa ajili ya sitara; mwari namfundisha kwa maneno, kisha anajifanyia mwenyewe chumbani kwake, na aghalabu namwambia atumie wembe mpya, maji ya vuguvugu na subira, kwa sababu kujivuta waksi mahali usipopaona vizuri ni hatari. Nyusi pia sizigusi, kwa makatazo ya dini tunayoyajua.

Lililonifundisha zaidi ya umeme na ndimu lilitokea mwaka wa nne wa kazi yangu, na kosa lilikuwa langu. Alikuja bi harusi wa miaka 26, amebakisha siku nne kabla ya nikahi, pamoja na mama yake na wifi yake mtarajiwa. Nilimuuliza kama nilivyozoea kuwauliza wote, "Unatumia dawa yoyote?" Akajibu, "Hapana, dada, situmii." Nikaanza na waksi laini kwenye mkono wa kulia. Kipande cha kwanza kilitoka vizuri. Cha pili, chini ya kiwiko, kilipovutwa nilisikia mkononi kwamba kimekuja na uzito usio wa kawaida, na nilipokigeuza niliona utando mwembamba unaong'aa, kama ngozi ya kitunguu, umeshikamana na bafta. Juu ya mkono wake palibaki doa la waridi, ukubwa wa sarafu, likitoa majimaji. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, na mama yake akasimama.

Nilipomwosha kwa maji safi ya baridi na kumfunika kwa kitambaa safi, nilimuuliza tena, safari hii kwa namna nyingine: "Usiku ukitaka kulala, unajipaka nini?" Ndipo alipotoa kwenye pochi kikopo kisicho na jina, krimu ya kuchanganywa, ile inayoitwa mkorogo, aliyokuwa akijipaka uso na mikono kwa miezi mitano ili ang'ae siku ya harusi. Hakunidanganya aliponijibu mara ya kwanza. Kwake yeye dawa ni vidonge. Krimu ni urembo. Swali langu ndilo lililokuwa baya. Krimu za namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi, ambazo zikitumika muda mrefu huipunguza ngozi unene, au haidrokwinoni, ambayo huichokoza. Na ngozi iliyopungua namna ile haiwezi kuvumilia kuvutwa na ulimbo. Tulimpeleka kituo cha afya akatazamwa na kupewa dawa ya kupaka. Siku ya hina nilichora maua yakizunguka mbali na pale mahali, na siku ya harusi alivaa mikono mirefu. Kidonda kilipona, lakini doa lilibaki mwaka mzima, na kila nilipokutana na mama yake Darajani moyo wangu ulishtuka.

Tangu siku hiyo mazungumzo yangu ya kwanza na mteja ni marefu kuliko kazi yenyewe, na sioni haya. Nauliza anachojipaka usiku na anachojipaka asubuhi. Nauliza kama anatumia krimu ya chunusi au ya makunyanzi yenye vitamini A, kwani nayo hulegeza tabaka la juu la ngozi na inabidi iachwe siku kadhaa kabla. Anayemeza vidonge vya chunusi vya isotretinoini simgusi kwa waksi wala kwa sukari mpaka ipite miezi sita tangu alipovimaliza. Nauliza kisukari, kwa sababu vidonda vyake huchelewa kupona, na nauliza dawa za kulainisha damu. Mishipa iliyovimba miguuni naipita mbali, na vivyo hivyo chunjua, ngozi iliyochomwa na jua, na mahali palipo na kidonda hata kama ni kidogo. Mwenye mojawapo ya hayo si lazima aondoke mikono mitupu: wembe safi, au mkasi mdogo wa kupunguza tu, vyatosha, na nywele zilizopunguzwa vizuri hazimwondolei mtu uzuri wake.

Halafu kuna nywele zinazoota kwa ndani, ambazo nimezipata mwenyewe miguuni, nyuma ya magoti, zikawa vipele vyeusi vyenye kichwa cha usaha. Sisi wenye nywele za kujisokota tunazipata zaidi, kwa sababu nywele ikikatika chini ya ngozi hujikunja ikarudi ndani badala ya kutoka nje. Nilidhani sababu ni waksi yenyewe. Baadaye, nilipojitazama ninavyovuta, niligundua kwamba nilikuwa navuta kitambaa kwenda juu, kama mtu anayefunua kawa, na hapo nywele nyingi zilikuwa zinakatika badala ya kung'oka. Kitambaa kinatakiwa kirudi sambamba na ngozi, karibu kabisa nayo, huku mkono wa pili ukiikaza ngozi isifuate. Sukari ilinisaidia hapa, kwa kuwa huvutwa kufuata uelekeo wa nywele, na kwangu mimi vipele vilipungua sana nilipoihamia kwa sehemu ile.

Urefu nao una sehemu yake. Nywele ziwe kama punje ya mchele, yaani milimita tano au sita. Sukari inaweza kushika hata fupi zaidi, kama milimita tatu. Wapo wanaokuja wamenyoa wiki iliyopita, hakuna cha kushika, na wakasisitiza nijaribu. Sijaribu. Zikiwa ndefu sana nazipunguza kwanza kwa mkasi, kwani nywele ndefu hurefusha maumivu bila faida. Na ngozi haibaki laini kwa muda ule ule kwa kila mtu: nywele hazioti zote kwa wakati mmoja, nyingine zimelala wakati wenziwe wanang'olewa, kwa hiyo wengi huanza kuona malaika mapya baada ya wiki tatu, na wachache hufika sita.

Katika saluni moja mjini, zamani nikiwa mteja tu, niliwahi kulala kitandani nikaona kijiti kinatoka kwenye mguu wa mtu, kinarudi kwenye mashine, kinakuja kwangu. Ndani ya ile waksi mlikuwa na nywele. Wakati ule sikujua kwamba panaponyonyolewa mara nyingi hutoka vidoa vya damu visivyoonekana, na kwamba joto la mashine halitoshi kuua vijidudu. Chumbani mwangu kijiti kikishagusa mwili hakirudi kwenye waksi, kinatupwa, na kitonge cha sukari ni cha mtu mmoja, kikimaliza kazi kinakwenda jaani. Jambo hili naliomba kila mwanamke aliangalie kabla ya kulala kwenye kitanda cha mtu, na kama halioni, avae buibui lake aondoke.

Kwa maharusi ninapanga siku kwa kuhesabu kurudi nyuma. Singo na dalia, vipodozi vya manukato vya mwilini, ni vitu vizuri, lakini singo husuguliwa, na ngozi iliyotoka kunyonyolewa haitaki kusuguliwa, manukato wala jua kwa siku mbili, na hata kuoga baharini kunasubiri. Kwa hiyo malaika hutolewa kwanza, tunapumzika siku tatu na kupaka mshubiri tu, halafu ndipo singo, na hina mwisho. Dodoki laini huanza baada ya siku hizo tatu na kuendelea mara mbili kwa wiki, ndilo linalozifungulia njia nywele mpya. Piko nimeiacha kabisa. Hiyo ni rangi ya nywele, haikukusudiwa ngozi, na juu ya ngozi iliyo wazi nimeiona ikifanya malengelenge yenye umbo la ua lile lile lililochorwa.

Wiki iliyopita alikuja binti wa dada yangu, ana miaka 24, harusi yake ni baada ya miezi miwili. Alikuwa amekwisha kuamua: waksi, mwili mzima, leo. Nilimketisha karibu na dirisha, nikaushika mkono wake na kuugeuza kwenye mwanga, nikaona vimishipa vyembamba vinavyoonekana kuliko inavyostahili kwa ngozi ya umri wake. Nikamuuliza, "Mama, usiku unajipaka nini?" Akanyamaza, kisha akacheka kidogo, kisha akaniambia. Nimemtuma kwanza kwa daktari wa ngozi, kwa sababu krimu kama ile ikiachwa ghafla ngozi hufura na kuwasha, na ni daktari atakayejua namna ya kumwachisha. Tumepatana kwamba mpaka daktari aridhike ni wembe tu, na akiruhusiwa tutaanza na kitonge kimoja cha sukari, upande wa ndani wa mkono, asubuhi mapema kabla jua halijapanda.